Mayai Yaliyokwama Mpakani

Asubuhi ile nilikuwa napanga trei za mayai sokoni Busia, upande wa Uganda. Mteja wangu kutoka Kenya, Mama Akinyi, alisema kuku wetu wanataga kokoto, kwa jinsi mayai yalivyokuwa madogo. Akacheka, akachukua zote.

Niliacha shule wazazi wetu walipokufa. Biashara hiyo ndiyo iliyotulea mimi na mdogo wangu Nafula. Sasa Nafula alikuwa mjamzito tena. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mdogo mno, akafa.

Kisha Kenya wakatangaza matokeo ya kura.

Tukasikia risasi.

Moshi ulipanda ng'ambo. Watu wakavuka na magodoro vichwani.

Mama Akinyi hakuja.

Mayai yakarundikana. Huko Dabani nilikoyanunua, kila nyumba ilikuwa nayo bila mnunuzi. Kwetu mjamzito alikatazwa mayai. Hata asingekatazwa, yai lilikuwa la kuuza. Nikamchemshia Nafula.

"Dada, mtoto atatoka kipara."

"Atoke kipara, bora awe mzima. Kula."

Alikula mpaka akawa anaikimbia harufu.

Baadaye Mama Akinyi alivuka, akimshika mkono binti yake Akinyi, naye mjamzito. Walikuwa wamejificha katika shamba la miwa, na miwa ndiyo waliyokula. Nikawakaribisha chumbani kwetu.

Akinyi alijifungua mapema. Mtoto alienea kiganjani. Mkunga akamfunga kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi.

Alikufa kabla hajapewa jina.

Wa Nafula alikuja baadaye, mzito, na nywele tele.

Nimejiuliza sana kuhusu watoto wale wawili. Je, ni mayai? Nilimuuliza mkunga. Alisema hofu na kukimbia pia huzaa watoto wadogo, lakini alikiri kwamba msimu ule wajawazito wa Dabani, waliokula mayai yaliyokosa mnunuzi, walimletea watoto wazito. Mpaka ulipofunguka, bei ikapanda, mayai yakaanza tena kuvuka. Tangu hapo nikimwona mjamzito akibeba trei kuja kuniuzia, humuuliza yeye amekula nini.

Mama Akinyi bado hununua kwangu. Juzi mtoto wa Nafula, ambaye sasa anaota ndevu, alikuwa akimfungia trei kwenye baiskeli. Mama Akinyi alimtazama kwa muda mrefu.

"Wetu angemshinda huyu urefu," alisema. "Sisi kwetu ni warefu."

Nikamwambia ndiyo, angemshinda.