Fundi Aliyeita Majina ya Ziwa

Fundi wa kompyuta pale Mjimwema hupuliza vidole kabla ya kugusa kazi, maana baridi ya Njombe haina adabu, na akimaliza hufuta kioo cha kifaa kwa ncha ya sweta, mara moja tu. Ziwa hajawahi kuliona. Hata hivyo, kikompyuta alicholeta Dorosela, kinachoongoza boti ya mumewe kule ziwani Ludewa, alikishika kama yai. Mfumo wake ulikuwa umezeeka, ukizima katikati ya safari.

"Usije ukaipoteza miamba ya Benno, fundi," Dorosela alisema kwa mara ya tatu. Benno, mumewe, aliiwekea alama mmoja mmoja kwa miaka tisa.

Fundi hakubishana. Alinakili alama zote daftarini kwa kalamu, ndipo akaweka mfumo mpya. Kilipowaka, akaita majina kutoka daftarini kama mwalimu anayeita mahudhurio, Dorosela akiyatafuta kwenye kioo.

"Mwamba wa Kiboko?"

"Upo."

"Jiwe la Padri?"

"Lipo."

"Dorosela?"

Mwenye jina akainua macho kutoka kwenye kioo. Fundi akasogeza ramani.

"Hapa hapana mwamba, mama. Ni kighuba. Mumeo kaandika: pa kukimbilia upepo ukichafuka."

Dorosela akainamisha uso. Fundi akavuta ncha ya sweta, akafuta kioo, akakifuta tena na tena kikiwa kimeshatakata, mpaka mama wa watu alipomaliza kutabasamu.