Maji ya Kuoshea Kioo

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye ile taasisi ya utafiti wa tiba ya chuo kikuu, hapa hapa Songea, nikapotea. Mimi niliyepita pale utoto wangu wote nikienda kuchota maji! Nilizunguka maghorofa, nikasoma vibao, mpaka mlinzi akanihurumia. "Shikamoo mama. Unatafuta jengo gani?" Nikamwambia natafuta chumba kimoja cha matofali mabichi, chenye dirisha dogo upande wa mawio. Akatabasamu. "Hicho, mama, labda kabla sijazaliwa."

Ndiyo, rafiki yangu, taasisi yote ile ilianza na chumba kimoja na darubini moja. Nyuma palikuwa na shamba la mahindi, mbele benchi la mbao. Daktari alikuwa mgeni, katumwa na chuo kuja kutafiti malale, ugonjwa wa kuumwa na nzi aitwaye ndorobo, unaomlaza mtu mpaka anakufa. Alikutoboa kidole, akapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, akalitazama kwa darubini. Pamba ya kufutia kidole aliitupa motoni, kwa ajili ya usafi. Hakujua kwamba kwetu damu ya mtu hufukiwa na ndugu yake, nyumbani kwake. Wanawake walipouona moshi ule, benchi likabaki tupu. Jirani yetu alisema kisimani, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mimi si kuni za mtu."

Mwaka huo mdogo wangu alirudi na baba kutoka shamba la tumbaku, Namtumbo, akiwa na homa. Alikuwa mtoto wa makelele, kuku walimkimbia. Sasa alisinzia na tonge la ugali mdomoni. Bibi yetu, ndiye aliyetulea, alimpikia uji wa ulezi na kumsalia rozari kila jioni. Asubuhi moja alimwita, akamwita tena, mtoto asiitike. Bibi akambeba mgongoni, akaniambia nichukue kibuyu, tukaenda.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo bibi, karibu."

"Marahaba. Mtoboe huyu mjukuu wangu. Lakini ile pamba nipe mimi."

"Pamba tunaichoma, bibi."

"Unaichoma wewe, nani wake? Shangazi yake?"

Msaidizi wa daktari aligeukia ukutani kuficha kicheko. Daktari akakubali kuitoa pamba. Bibi hakusogea.

"Na kioo."

"Kioo siwezi. Vimebaki vichache, na bila kioo sioni kitu."

"Basi tazama. Ukimaliza, kioshe mbele yangu, maji uyamimine humu." Akanipokonya kibuyu, akamnyooshea.

Daktari alikitazama kibuyu. Bibi akaikaza khanga aliyombebea mtoto. Je, kama angekataliwa, angerudi na mtoto nyumbani? Nimelisalia swali hilo miaka mingi. Jibu halikuhitajika, kwa neema ya Mungu, maana daktari alisema, "Sawa, bibi. Kaa hapa uone."

Akamtoboa mtoto kidole, akatazama muda mrefu. Bibi akahesabu punje za rozari.

"Wadudu wa malale wamo," akasema. "Ila umemleta mapema."

Kisha akakiosha kioo, akayamimina maji yanayonuka dawa ndani ya kibuyu, taratibu, kwa mikono miwili, kama anayehudumu altareni. Bibi aliyafukia nyuma ya jiko, penye migomba, pamoja na pamba. Mdogo wangu akadungwa sindano, akalia, akadungwa tena, mpaka siku moja tulipoamshwa na kelele zake akigombania kiazi.

Habari ilienea. Watu wakaja na vibuyu vyao, kutoka Madaba, na ndugu Waislamu wa Tunduru wakisema bismillahi kabla ya kunyoosha kidole. Chumba kikapata mwenzake, likajengwa banda la kufugia ndorobo, wakaja wanafunzi, wakaja walimu wao. Na kioo cha kila mtu kiliendelea kuoshwa mbele ya mwenyewe. Sijui desturi hiyo ilikoma lini. Desturi njema haziagi.

Siku hizi damu inakaa kwenye majokofu, na kijana aliyenitoa yangu siku ile niliyopotea alinieleza vizuri, akaniomba ruhusa kwa adabu. Nilimbariki. Penye migomba yetu sasa panaegeshwa magari ya taasisi.

Jioni nilimpigia simu mdogo wangu, ambaye sasa naye ni bibi wa watu, kule Namtumbo. Nikamsimulia yote, kibuyu, khanga, "shangazi yake?" Alicheka mpaka akapaliwa.

"Dada, mimi nitakumbuka nini? Nilikuwa nimelala," akasema. "Hebu nisimulie tena, polepole."

Nikaanza upya, maana bibi yule na dirisha lile wamebaki kwangu peke yangu.