Melodi Aliyoikana Mwalimu Elisante

Mwalimu Elisante hana adabu, na nasema hivyo mimi niliyeimba chini yake tangu alipoletwa Kasulu kutoka kwao Same. Sekondari anafundisha hesabu, na kwaya yetu ya kanisa anaifundisha kwa hasira ileile. Ukikosea nota hakwambii taratibu. Anakukatiza, anaimba mwenyewe ilivyo sahihi, kisha anakutazama kama umemmwagia chai. Hawezi kujizuia. Nimemwona makaburini, jeneza linashushwa, anamgeukia mjane na kumrekebisha sauti.

Kitu kimoja tu alikitaka: ashinde mashindano ya kwaya ya Kibondo. Uhamisho wake ulikuwa umeshatoka, na kila mwaka tulirudi mikono mitupu. Safari hii alikuwa na Asnath, binti anayeuza dagaa na mawese sokoni, mwenye sauti ya kwanza ambayo ukiisikia unasahau ulichokuja kuombea. Bila yeye hatukuwa na kitu.

Asnath akatuacha. Alijiunga na Makarius, kijana wa Munanila anayepiga inanga. Ni inanga ya babu yake, ubao uliochimbwa kama sinia na nyuzi zikapitishwa juu, ila yeye kaifunga nyaya za breki za baiskeli na kuiunganisha na spika iliyochanika. Inakwaruza, inakoroma. Na juu ya makelele hayo Asnath, mwenye sauti ile, haimbi. Ananong'ona. Wazee wetu Waha nao walinong'ona na inanga, sawa, lakini sebuleni kwao, si kwenye spika mbovu. Nilichukia, sifichi.

Mwalimu alimfuata sokoni, nyuma yake mimi na Japhet, besi wetu.

"Unajiharibia," alimwambia, bila hata salamu. "Huo si muziki. Hauna melodi."

"Shikamoo, Mwalimu," Asnath alijibu, mikono ndani ya dagaa. "Melodi ipo."

"Iko wapi? Mtu akinong'ona, melodi inatokea puani?"

"Njoo ukumbini Jumamosi, tunapiga. Ukishindwa kuiimba, narudi kwaya na Kibondo naenda nanyi. Ukiiimba, usinifuate tena."

Alikubali haraka mno. Njiani akawa anacheka: yeye anafunga mdomo tu, basi, kashinda. Hata akiisikia, nani atamlazimisha kuimba? Nikamwona mjanja, nikafurahi.

Jumamosi alasiri tulikaa mbele, mikono tumekunja. Mwanzo ulikuwa karaha tupu. Spika ilikwaruza, Asnath akasogelea maiki na kupumua maneno ya Kiha, habari za mtu anayemngoja ng'ombe asiyerudi. Nilimkazia macho mdomoni nikiutafuta wimbo, sikuupata. Nyuma yetu watu walikuwa wanatikisa vichwa kwa pamoja. Wanafuata nini hawa? Nikaacha kumtazama mdomo, nikasikiliza nyuzi.

Mh. Ilikuwa huko. Iliyokuwa inaimba ni inanga. Asnath aliipa maneno tu, na masikio yako yanaunganisha mpaka unaapa ni yeye aliyepandisha sauti. Ilipanda pole pole, ikasita, ikapanda tena kidogo pale ambapo mimi ningeshuka. Ilikuwa nzuri, na ilinikera kuwa ni nzuri.

Nikamtupia jicho Mwalimu. Midomo kaibana, mishipa ya shingo imemsimama. Alikuwa ameisikia kabla yangu.

Wimbo ulipoisha Asnath alisema, "Haya, Mwalimu. Imba."

"Niimbe nini? Sijasikia kitu."

Ukumbi ukaguna. Makarius akataka kuinuka, Asnath akamzuia kwa mkono. Machozi yakaanza kumlenga Asnath.

"Ego," alisema, ndiyo ya Kiha. "Neno ni neno. Mazoezi ni lini?"

Tumeshinda, nikajisemea. Lakini Japhet, mpumbavu yule, wimbo ulikuwa umemwingia. Alikuwa anauimba kichinichini huku akigonga kiti kwa vidole, na alikuwa anaukosea. Pale unaposita, yeye anapitiliza. Pale unapopanda, yeye anashuka.

Mwalimu alivumilia mara moja. Japhet aliporudia kosa lilelile, akasimama.

"Siyo hivyo, wewe. Unashuka unaenda wapi?"

Akauimba. Wimbo wote, toka mwanzo, macho kafumba, kwa sauti iliyofika hadi waliokuwa wamesimama mlangoni. Makarius akaingia na nyuzi chini yake. Sijawahi kumsikia Mwalimu akiimba vizuri namna ile, na hakujua alichokifanya mpaka alipofumbua macho akamwona Asnath anajifuta uso.

"Asante, Mwalimu," Asnath alisema. "Sokoni kwangu usije tena."

Kibondo tulienda bila yeye, tukawa wa mwisho. Mwalimu alihama bila kumuaga mtu. Japhet ndiye aliyembebea mabegi hadi stendi, na hakusemeshwa njia nzima.