Ukuta Alioukandika Refugia

Refugia Lucero aliporwa jina, na aliyempora ni mumewe.

Miaka ile ya njaa, serikali ilipojenga jumba la sanaa pale Piedra Alta, kila nyumba ilipewa nafasi moja tu ya kazi, nayo ni ya baba. Mumewe, Celedonio, akaandikishwa. Wiki ya pili mgongo ukamgomea. Msimamizi, mtu wa huruma, akamwambia Refugia, "Njoo wewe, mama. Nitaweka alama daftarini kwenye jina lake."

Akaenda. Huko New Mexico kukandika ni kazi ya wanawake tangu na tangu. Wanaume hufyatua matofali tu. Miezi saba Refugia alikanda udongo na mabua, akaupaka kwa viganja, akausugua kwa ngozi ya kondoo hadi ukuta wa mbele ukawa laini kama ganda la yai.

Baada ya miaka ishirini jumba liliwekewa bamba la shaba lenye majina ya mafundi. Refugia hajui kusoma, kwa hiyo siku ya kulifunua alimvuta jirani yake, Domitila.

"Nisomee, shoga."

"Celedonio Lucero, fundi wa kukandika." Domitila akashusha sauti. "Jina lako halimo."

Refugia akamgeukia mumewe. "Nenda kaseme ukweli."

"Mbele ya watu wote hawa? Wataniona mtu gani?"

Papo hapo mkuu wa jumba akamwita awaeleze wageni ukuta ulilainishwaje. Celedonio akavua kofia, akakohoa.

"Kwa mwiko," akasema.

Wanawake wakaangua kicheko. "Mwiko! Ukuta ule umeuona mwiko lini?"

"Muulizeni ngozi ya kondoo ni ya nini," Domitila akapaza sauti. "Atawaambia ya kulalia!"

Mkuu hajui Kihispania, lugha ya wanakijiji. Karani wake, kwa aibu, akamwambia wanamshangilia fundi. Mkuu naye akapiga makofi.

Refugia hakucheka. Aliona masikio ya Celedonio yameiva, akamhurumia, na huruma ile ikamuuma kuliko bamba.

Kesho yake alimfuata mkuu ofisini, Domitila akitafsiri.

"Daftari linasema Celedonio," mkuu akajibu. "Mumeo akija kukanusha mwenyewe, tutalibadilisha."

Mwaka wa pili huu, Celedonio hajaenda. Mkuu anadaiwa bamba jipya. Lakini deni la kwanza ni la Celedonio, nalo ni la maneno machache tu, mchana kweupe, mbele ya watu walewale: "Si mimi. Ni Refugia."