Saladi Niliyompa Mama

Mama yangu ana vali ya chuma moyoni. Aliwekewa akiwa bado anauza mitumba kwetu Magharibi, na alipochoka na biashara akaja kuishi nami hapa Eldoret, katika nyumba yangu ya ghorofa ya pili mtaa wa West Indies. Kila jioni humeza kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye ile vali. Mimi nilikijua kidonge hicho kwa rangi yake tu. Sikuwahi kuuliza kinapatana na nini na kinagombana na nini.

Kilichonitia wasiwasi wakati huo kilikuwa uzito wake. Alikuwa akipanda ngazi zetu anasimama mara tatu, mkono kifuani, nami nyuma yake nikihesabu pumzi zake. Niliogopa kwamba siku moja nitampoteza pale pale kwenye ngazi. Mwenzangu ofisini ndiye aliyeniambia alivyopunguza mwili: aliacha ugali wa jioni akawa anakula saladi. Si kachumbari ya pembeni ya nyama, bali bakuli zima la majani na ndengu, mtu ashibe.

Jumamosi nikaenda sokoni. Ndengu nilizichemsha zikaiva bila kupasuka, nikazichuja zipoe. Sukuma wiki changa nikaikata nyembamba, nikaitia chumvi na maji ya limau, nikaifinyafinya mpaka ikalegea. Nikachanganya na spinachi mbichi, dhania, karoti, nyanya na parachichi, kisha nikanyunyiza njugu karanga zilizopondwa.

Mama alilitazama bakuli, akanitazama mimi.

"Na ugali iko wapi?"

"Leo hakuna ugali, Mama. Hii ndiyo chakula."

"Hii ni ya ng'ombe."

Lakini alikula. Alianza kwa kuokota ndengu moja moja, akaishia kuliparuza bakuli. Kesho yake nikatengeneza tena, na kesho kutwa pia. Kila alipoimaliza nilimwongezea majani. Wiki ya tatu alipanda ngazi akisimama mara moja tu, nami nikajisifu ofisini kama mtu aliyegundua dawa.

Jumapili moja tulitoka kanisani, nikamwekea bakuli lake. Kijiko kikamwanguka. Akakiokota, kikaanguka tena.

"Mama, nini?"

"Mkono imekufa ganzi," alisema, na maneno yakatoka mazito, kama ya mtu mwenye chakula kinywani. Hakuwa na chakula kinywani. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka.

Nikateremka ngazi bila viatu hadi kwa jirani yetu mwenye duka pale chini, mzee kutoka Nyeri. Alifunga duka wateja wakiwa mlangoni, tukambeba Mama mpaka kwenye pikapu yake. Njia nzima nilimwambia, "Mama, sema kitu," naye akisema kitu ambacho sikuelewa.

Hospitalini daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alinivuta kando baada ya kumpima damu.

"Ameacha dawa?"

"Hapana. Namtolea mimi mwenyewe."

"Chakula imebadilika?"

"Ndiyo. Siku hizi namlisha vizuri sana," nikajibu, na nikamtajia: sukuma, spinachi, dhania, kila siku, bakuli zima.

Aliweka kalamu chini. Akanieleza polepole kwamba majani ya kijani yana vitamini inayosaidia damu kuganda. Mtu anayemeza dawa ile akizidisha majani ghafla, dawa inavuta huku na majani yanavuta kule.

"Kwa hivyo ni mimi?" nikauliza.

"Wewe hukujua," alisema. "Lakini ungetuuliza."

Niliketi kwenye benchi ya korido. Vidole vyangu bado vilinukia dhania. Nilikuwa nimeogopa ngazi, nikaogopa unga, nikaogopa mafuta, kumbe cha kuogopwa nilikuwa nakiosha kwa mikono yangu na kukisifu. Kila mlango ulipofunguka nilifikiri wanakuja kuniambia.

Jioni waliniruhusu kuingia. Mama alikuwa ameketi, mdomo umerudi mahali pake, mkono anaufungua na kuufumba. Daktari alisema donge dogo la damu lilikwama kichwani kwa muda, likapita. Walimlaza siku tano wakimrekebishia dawa.

Tuliporudi nyumbani nikaogopa jiko. Nilipika ugali, viazi, wali, vyeupe vitupu, ingawa kliniki walikuwa wameniambia wazi kwamba majani si sumu. Ale kiasi kilekile kila siku, wao wapime damu na kulinganisha dawa. Kiasi kilekile! Maneno hayo mawili yalininyima raha. Kiasi ni nini, na kama mkono ukizidi?

Mama ndiye aliyechoka kwanza.

"Unanilisha kama mgonjwa. Tengeneza ile kitu yako ya ndengu."

"Mama, naogopa."

"Na mimi naogopa. Lakini viazi nimechoka."

Nikatengeneza. Safari hii ndengu zilikuwa nyingi na majani kikombe kimoja, nikakipima, nikakimwaga, nikakipima tena. Alipoanza kula sikuweza kugusa changu.

"Usiniangalie hivyo," alisema, "chakula inanikwama."

Kipimo cha damu kilichofuata kilitoka vizuri, na vilivyofuata pia. Ni kikombe kimoja mpaka leo. Hofu ndiyo haijapungua. Saa saba mchana humpigia simu kutoka ofisini nikamuuliza jambo lolote refu, jinsi alivyokuwa akichagua marobota ya mitumba, au nani alihubiri kanisani, na kusikiliza kama maneno yanatoka sawasawa.

"Si uliniuliza hiyo jana?" husema.

"Niambie tena, Mama."

Naye huniambia.