Karatasi Iliyopita Matangani

Habari ya kifo chake ilinikuta jikoni, namenya vitunguu vya hitima ya mtu mwingine kabisa. Binti yangu aliweka simu chini akasema, "Mama, yule mzee wa kura amefariki." Nilimaliza kwanza kitunguu kilichokuwa mkononi, ndipo nikasema inna lillahi. Na Mungu anisamehe, maana wazo lililofuata lilikuwa hili: sasa sitamuuliza tena alikopeleka karatasi yangu.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba simsifu maiti kwa sababu tu ni maiti. Huyu alikuwa dereva wa teksi, mtu wa Unguja, na upande wetu huu wa Houston aliujua mlango kwa mlango. Ukifika uchaguzi wa Bunge la Texas, lile la kule Austin, aliiegesha teksi akavaa tai, akamfanyia kampeni mgombea wake. Mpaka wa eneo letu la uchaguzi unapita katikati ya barabara: upande wa duka la nyama wana mbunge wao, upande wa kituo cha mafuta wana wao. Juzi wameuchora upya, tumeamka tumehamishiwa kwa mbunge mwingine bila kusogeza hata kiti, na hakuna aliyekuja kutuambia. Hodi hupigwa wakati wa kura tu. Mimi mtu anayenikumbuka kila baada ya miaka miwili, kabla sijamsikiliza, namtazama kwanza ameshika nini mkononi.

Siku moja tu sikutazama. Tulikuwa matangani, kwenye nyumba ya kupanga, wanaume sebuleni, sisi jikoni na chumbani. Kwetu msibani daftari hupitishwa, kila aliyefika anaandika jina lake, ili wafiwa wajue nani alikuja. Daftari hilo halina maswali. Unaandika, unampa wa pembeni. Basi yeye akaja na karatasi zake zimebanwa kwenye kibao, akazipitisha kwa wanaume, kisha akanyoosha mkono mlangoni kwetu. "Mama zangu, jina, anwani, na sahihi hapo chini." Miwani nilikuwa nimeiacha garini, na hata ningekuwa nayo, darasa la nne halikunifundisha Kiingereza cha serikali. Jirani yangu akanisukuma kiwiko. "Andika, shoga, wenzio wanangoja." Nikaandika. Akaniwekea alama ya kalamu kwenye kisanduku, akanikatia kipande cha risiti.

Kile kipande nikakibandika kwenye friji, kama mjinga. Binti yangu aliporudi zamu ya hospitali akakiona, akageuka rangi. "Mama, uli-sign hii? Hii ni ya kujiandikisha kupiga kura! Kwenye kisanduku chake umesema wewe ni raia, na wewe una grini kadi, kibali cha kuishi tu. Kwa kosa hili wanaweza kukurudisha Mombasa!" Wajukuu zangu wawili walikuwa mezani wanakula. Hao nimewalea mimi.

Ijumaa ile nilimvizia kwenye maegesho ya msikiti.

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Ile imeshughulikiwa, Bi Mkubwa."

"Imeshughulikiwa maana yake nini? Umeipeleka au hukuipeleka?"

"We ungeajiriwa polisi," akacheka. "Nenda zako kapumzike, hutasikia neno."

"Sikukuuliza habari ya kupumzika."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia kwenye teksi. Mtu anayetazama kulia na kushoto kabla ya kujibu, mimi namwona ameshauza kitu. Nikasema ameniuza kwa mgombea wake.

Tangu hapo kila bahasha ya serikali ilinitia baridi. Sikuomba uraia, kwa sababu fomu yake inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha kupiga kura, nami sikujua ukweli wangu ni upi. Mama yangu alifariki Mombasa na sikwenda kumzika, kwa kuogopa kuzuiwa uwanja wa ndege wakati wa kurudi. Hilo nilimwandikia yule mwanamume kwenye hesabu ya Akhera.

Alipokufa nilikwenda kumpa pole mjane wake, yuko edani. Akafungua droo ya cherehani, akatoa bahasha. "Aliusia nikupe." Ndani ilikuwa karatasi yangu, sahihi yangu imelala upande, haijaguswa na ofisi yoyote. Chini yake nyingine kadhaa; nilizofunua kwanza zilikuwa za watu ninaowajua, ambao wakati ule hawakuwa raia.

"Mbona hakuniambia?"

"Alipopewa kazi ya kuandikisha wapiga kura aliapishwa kwamba kila karatasi ataipeleka. Zenu alizizuia alipojua kwamba nyinyi si raia, na kuzuia hata moja ni kosa, angeshitakiwa. Na wewe, dada yangu, usinikasirikie, una mdomo."

Nililia. Kisha nikafika karatasi ya mwisho. Ilikuwa ya jirani yangu, yule wa kiwiko, na yeye ni raia tangu zamani. Siku ya kura alirudishwa mlangoni mwa kituo kwa kuwa jina lake halikuonekana, akaona haya, hakujaribu tena.

"Na huyu?"

Mjane akashusha macho. "Huyo alisema palepale matangani kwamba kura yake atampa yule mama aliyeshindana na mgombea wetu."

Basi nimlilieje mtu huyu? Mkono ulionificha mimi ndio uliomfuta jirani yangu, na bahasha ni moja. Bila kuulizwa aliamua nani aandikwe na nani asiandikwe, nami kwa kuwa aliamua kwa faida yangu, ningependa kumwita mwema. Siwezi. Wala mwovu siwezi. Ninalojua ni kwamba tulimpa nafasi hiyo sisi wenyewe, tuliotia sahihi bila kuuliza kwa sababu palikuwa na msiba na wenzetu walikuwa wanangoja. Wangojeshe wenzio. Uliza ni ya nini, inakwenda wapi, na ikishafika utajuaje.

Karatasi ya jirani nimempelekea mwenyewe. Yangu naipeleka kwa wakili, nimweleze yote.

Jana ilikuwa hitima yake. Daftari likapitishwa mpaka likafika kwangu. Nikavaa miwani nikalisoma toka juu mpaka chini, wanawake wakiguna nyuma yangu, ndipo nikamwandikia jina langu.