Mke wa Mapuche

Kyakimwa wa Vulamba alikuwa mwenye wivu tangu usichana, na mimi niliyeuza chumvi kando ya viazi vyake miaka yote ile nalisema bila kumsingizia. Mumewe Ananie akimsalimu mama mwingine njiani zaidi ya maneno mawili, siku hiyo viazi vilipimwa kwa hasira na wateja ndio walioumia. Tulimcheka. Hakujali. Mume wake ni mume wake, basi.

Vita vya pili vya nchi yetu vilipotufikia, askari wa kigeni walishika Butembo na Beni, wakachukua malori ya wafanyabiashara pamoja na madereva wake. Ananie alikuwa mmoja wao. Aliwaendeshea lori kutoka uwanja wa ndege wa Mavivi mpaka kwetu, na kila gurudumu lilipokwama alipigwa makofi. Alivumilia, huku sikio lake likifanya kazi. Mwishowe aliweza kusimama mbali na barabara, akasikiliza lori likipanda mlima, akakuambia kama limebeba mafuta, mbao au watu. Siku moja aliliacha lori lao katikati ya daraja, akatupa funguo mtoni, akaenda porini kwa Mai-Mai, vijana wetu waliopigana na wageni hao wakilindwa na maji ya dawa. Haukupita muda wakamfanya mkubwa wao. Yeye ndiye aliyechagua lori la kuvamiwa, na hakukosea.

Mwalimu Luc, aliyefundisha historia, alikuja sokoni kununua viazi akatuambia kwamba jambo kama hilo lilitokea zamani sana kule Chile. Kijana wa Kimapuche, kabila la wenyeji wa huko, alitekwa na Wahispania, akawatunzia farasi wao, akajifunza jinsi wanavyopigana, kisha akatoroka na kuwaongoza ndugu zake kuwapiga. Tangu siku hiyo Ananie akaitwa Mapuche, hata na watoto wadogo. Sisi tulishangilia. Kyakimwa alikunja uso.

“Na ule Mapuche, mwalimu, bibi yake alikuwa nani?”

“Sijue, mama. Kitabu hapana kusema.”

“Unaona? Njo vile banafanyaka. Bwana anakuwa mukubwa, bibi anapotea.”

Shida yake haikuwa vita. Maji ya Mai-Mai yalikuwa na masharti: aliyenyunyiziwa hamgusi mwanamke, hata mkewe, wala hali chakula kilichopikwa na mwanamke aliyekwisha kulala na mwanaume. Kwa hiyo Ananie hakula tena chakula cha Kyakimwa. Alipikiwa na Rébecca, binti wa Musienene ambaye hakuwahi kuolewa. Na huyo Rébecca, jamani, ndiye ambaye Ananie alimchumbia kwanza! Mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha fika kwao, kisha familia zikagombana, mbuzi wakarudishwa. Risasi zote za vita vile hazikumnyima Kyakimwa usingizi kama sufuria ya Rébecca.

“Bwana yangu amekuwa ya bantu bote,” aliniambia, “lakini kula, anakulaka kwa ule.”

Siku za soko Mai-Mai walishuka sokoni kwetu Musienene mchana kununua chakula, kwa kuwa wageni walijifungia mjini. Walipopita, sisi wanawake tulivuta vikapu na kukusanya vitenge vyetu ili visiwaguse. Rébecca alitangulia na bidoni, yaani dumu, la maji ya dawa, akichovya majani na kuinyunyizia njia. Siku moja Kyakimwa alikuja amevaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, cha misa ya Pasaka, akakaa nyuma ya viazi vyenye udongo. Wala sikujiuliza kwa nini. Alipomwona Ananie nyuma ya Rébecca, amekonda, nywele zimemjaa, macho mbele tu kama hatujui sisi sote, akakanyaga viazi vyake mwenyewe, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwita kwa jina la mwana wao.

“Baba Mathe! Niangalie. Mi si mutu?”

Ananie hakumsukuma. Alimwangalia, na naapa sikujua kama anataka kucheka au kulia. Aliyepiga kelele ni Kakule, msaidizi wake.

“Mama, umevunja dawa! Kesho tunaenda kupigana, na weye unavunja dawa!”

Rébecca aliweka bidoni chini. Nilidhani atamtukana, nikajiandaa kuwaamua.

“Unamushika na mikono mbili, mama Mathe,” alisema polepole. “Mi, sahani yake naweka chini, narudia nyuma, njo anakuya kuikamata. Ata kidole yake sijagusa.”

Kyakimwa aliachilia. Niliuona uso wake. Alikuwa amefurahi, ile furaha mbaya ya mtu aliyeshinda, na mimi nilitamani kumzaba kofi.

Aliyeguswa haendi vitani mpaka aoshwe upya. Ananie akabaki juu mlimani, wenzake wakaenda na Kakule kuvizia lori la mafuta kwenye barabara ya Beni. Walilisikia likipanda, wakalirukia. Lilikuwa limejaa askari. Ananie angelijua kwa mlio wake tu, lakini Ananie hakuwepo. Rébecca alikuwa mbele na maji yake, kama masharti yalivyotaka, akaanguka wa kwanza. Kakule naye, na wengi wa vijana wale waliozoea kununua chumvi yangu.

Watu wakagawanyika. Hawa walisema Kyakimwa amewaua watoto wa watu, wale wakasema amemwokoa mume wake. Nilizichukia pande zote mbili, maana hakuna aliyemwuliza mwenyewe. Mimi nilimwuliza.

“Nilikuwa nataka bwana yangu,” alinijibu. “Paka ile, hiyo tu.”

Basi, akampata. Wageni walipoondoka, Ananie aliweka silaha chini, akarudi Vulamba, akapata lori la mbao la kuendesha. Hakumlaumu hata siku moja. Alikula alichopikiwa, akamshika mkono mbele ya watu wakienda misa. Lakini kila Jumamosi alipanda Musienene kumlimia mama yake Rébecca, na Kyakimwa, ambaye zamani angemfuata mpaka shambani, alibaki mlangoni akichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa. Utagombana vipi na marehemu? Mwanamke aliye hai huzeeka, hununa, huunguza mboga ya sombe. Rébecca hakuunguza kitu tena.

Baada ya wavulana wawili wakapata msichana. Jina la Kinande, lugha yetu, alikuwa nalo tayari, Muhindo, kwa kuwa alibadilisha mfululizo wa wavulana. Likabaki la ubatizo. Mimi ndiye niliyemsimamia mtoto, nimesimama karibu nao kabisa. Padri akauliza jina. Ananie akafungua kinywa, na Kyakimwa akageuka kumtazama. Mimi na Kyakimwa tulijua jina linalokuja, na sauti laini atakayolisemea.

“Rébecca,” akasema Kyakimwa haraka, kabla mumewe hajalitamka.